Mwenge wa Mlangoni

Dalali alikuwa ameshauza viti, meza na hata kengele. Chuo chenyewe kilikuwa kimefungwa, na nusu ya Voi ilijaa uwanjani kuokota kilichobaki: wenye maduka, akina mama wa soko, na wengine waliokuja kutazama tu. Vumbi jekundu lilipanda mpaka magotini. Ilipofika zamu ya kompyuta nyeusi ya mwisho, mikono miwili iliinuka pamoja.

Mmoja ulikuwa wa Nashon Ajwang', mtoto wa mkata mkonge kutoka Mwatate, kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya baba yake iliyokatwa mikono. Wa pili ulikuwa wa Syokau, mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi huko Kaloleni. Alivaa gauni la njano lenye marinda na raba nyeupe ambazo hazikuwa nyeupe tena.

"Dada, hiyo ni mzee," Nashon alimwambia. "Itakusumbua."

"Iache inisumbue. Wewe unaitakia nini?"

"Sava ya gemu. Watu wa Voi, Taveta, Bura, wote wacheze kwa simu zao ndani ya dunia moja."

"Ati dunia? Ndani ya hiyo takataka?"

"Si umesema ni takataka? Basi niachie."

"Nimesema ni takataka. Sijasema siitaki."

Akainua mkono tena, akaichukua. Nashon alicheka, akamwandikia namba yake ya simu kwenye kiganja. Jioni haijafika, Syokau akapiga.

"Ni wewe mwenye dunia? Njoo uone takataka yako. Imekataa kuwaka."

"Sasa imekuwa yangu?"

"Ikiwaka ni yangu. Kwa sasa ni yako."

Nashon alikuja. Akafungua mashine, akapuliza vumbi, akasugua vyuma vya kumbukumbu kwa kifutio cha penseli, na ikawaka. Akatoa flashi mfukoni akaweka mfumo wa Linux, akisema kwamba ni ya bure, haina maringo na haidharau mashine kuukuu. Walikubaliana hivi: Syokau atachapa kazi zake juu, na chini yake sava ya Nashon itaendelea polepole. Akaufungulia mchezo akaunti yake yenyewe, ili mtu mbaya akiingia asifikie barua za wateja. Kwenye kisanduku cha intaneti akafungua mlango mmoja tu wa kupitia wachezaji.

"Umeona? Mchezo una chumba chake. Hauingii kwako bila ruhusa."

"Tofauti na mwenyewe."

"Mimi niko mlangoni tu, jaber."

"Jaber ni nini?"

"Mrembo, kwa lugha yetu."

"Kumbe unajua maneno ya maana."

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, katikati ya harufu ya wino na karatasi za moto. Vijana waliingia mchezoni, wakalipa kidogo, wakachimba, wakajenga, wakatukanana. Nashon na Syokau walijichagulia kilima chao humo ndani, wakajenga nyumba ya ghorofa, tofali kwa tofali. Syokau alitaka chumba cha kulala kiwe juu, wakiamka waone mbali. Nashon akajenga ngazi ndefu ya mawe, na mbele ya mlango akaweka vidato vingine.

"Ngazi zote hizi? Nikizeeka je?"

"Nitakubeba."

Lakini nyumba ya kwenye simu hailaliwi. Nashon alitaka ya kweli, na alikuwa amesikia juu ya mashimo ya vito upande wa Kasigau. Rafiki yake Ngui alikuwa huko tayari.

"Usiende," Syokau alimwambia. "Hayo mashimo hayana hata mbao za kushikilia ukuta."

"Naenda kwa muda tu. Nikitoka shimoni nina neno la kukuuliza."

"Niulize sasa."

"Sasa nina nini cha kukuonyesha? Ovaroli?"

Wakapatana jambo moja. Kambini hakukuwa na mtandao, ila juu ya mwamba mmoja simu ilishika. Kila jioni Nashon atapanda, ataingia mchezoni, atawasha mwenge mpya mbele ya mlango wa nyumba yao. Syokau akiuona atajua kwamba mtu wake yuko hai.

Asubuhi ya kuondoka lori lilipiga honi nje ya duka. Mpaka siku ile sava ilitegemea dirisha la Nashon mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta: akilifunga, mchezo unakufa. Akaandika haraka faili la kuufanya ujiendeshe bila yeye. Akaupa amri ya kuanza, akauona unakimbia. Honi ikalia tena. Akambusu Syokau kwenye paji la uso, akatoka mbio.

Miezi miwili mienge iliongezeka mbele ya mlango. Syokau alifungua simu kila magharibi, akaangalia, akapumua. Nashon alipopiga, sauti ilikatikakatika.

"Umekula?"

"Nimekula vumbi. Na wewe, mpenzi?"

"Sina hamu. Rudi, Nasho. Ukuta wa hilo shimo unalia maji, umeniambia mwenyewe."

"Tumekaribia mshipa wa vito. Ngui anasema ni wiki chache."

"Ngui, Ngui! Kama unalipenda shimo kuliko mimi, lala nalo."

Akakata simu. Siku ya pili yake mvua ya upepo iliangusha nguzo na Voi ikakosa stima tangu asubuhi. Iliporudi, Syokau alikuwa benki. Jirani yake Morris, fundi wa simu, aliona duka liko wazi na mteja anasubiri, akabonyeza swichi. Mashine ikawaka, taa ya kijani ikatulia, mteja akapata kopi yake.

Mchezo haukuwaka. Nashon alikuwa ameupa amri ya kuanza, lakini katika haraka ile hakuupa ile nyingine, inayouambia uanze wenyewe kila mashine inapowaka. Hakuna aliyejua.

Jioni juu ya mwamba, Nashon alijaribu kuingia. Ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Akapiga simu ya dukani.

"Halo?" Ilikuwa sauti ya mwanamume.

"Wewe ni nani?"

"Morris. Syokau ametoka kununua karatasi, nimemshikia duka."

"Hiyo mashine ina nini?"

"Haina shida, bosi. Nimeiwasha mimi mwenyewe."

"Nani alikuruhusu kuigusa?"

Morris hakuwahi kujibu, simu ilikuwa imekatwa. Syokau aliporudi alisikia kwamba Nashon alipiga akafoka. Alipofungua mchezo, nao ukamkataa. Akakumbuka kwamba Nashon anaweza kuingia kwenye mashine kutoka mbali akafunga anachotaka. Amenifungia, akasema moyoni. Kwa neno moja la hasira, amenifungia nyumba yetu. Akangoja apigiwe. Huko juu ya mwamba Nashon alimwona Morris akilini mwake, amekaa kwenye kiti chake, vidole juu ya kibodi yake. Naye akangoja.

Jumamosi wachimbaji wengine waliteremka mjini kupumzika. Nashon alikataa.

"Hatuendi kwa mrembo?" Ngui alimtania.

"Mrembo amebadilisha kufuli."

"Basi tuchimbe. Siwezi kukuacha hapa peke yako ukinung'unika kama mzee."

Wakashuka wawili. Ukuta uliokuwa ukilia maji ukaja chini wote.

Mchimbaji mmoja alimpigia Syokau, kwa kuwa jina lake lilikuwa la kwanza kwenye simu iliyookotwa. Alifika hospitali na gauni la dukani, wino mikononi. Nashon alikuwa hai. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika na miguu ilikuwa pale kitandani kama ya mtu mwingine. Ngui walimtoa siku iliyofuata, akapelekwa kwao kuzikwa.

"Umekuja kuangalia?" Nashon alimwuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kwako."

"Ulinifungia."

"Mimi? Wewe ndiye ulinifungia! Kila siku najaribu, inanikataa."

Nashon akageuza kichwa.

"Stima ilipotea?"

"Ilipotea. Ilirudi. Morris akawasha mashine, nilikuwa benki."

"Na mchezo?"

"Nimekwambia, umenikataa tangu siku hiyo."

Akafumba macho. Akaanza kucheka, kicheko kibaya, mpaka nesi akaja kuangalia.

"Niliuambia uanze," alisema. "Sikuuambia uamke. Neno moja, Syokau. Ngui amekufa kwa neno moja ambalo sikuliandika."

"Ngui ameuawa na shimo."

"Alibaki kwa sababu yangu. Na mimi nilibaki kwa sababu ya hasira."

Syokau alisogea karibu. Akamshika mkono, mkono ukaachwa ushikwe, basi. Siku ya pili Syokau alimpigia kutoka dukani, na Nashon akamtajia amri ile aliyoisahau herufi kwa herufi, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma bango. Alipomaliza alisema, "Sasa tumemalizana. Tafuta mtu mwenye miguu."

"Umemaliza kuongea?"

"Nimemaliza."

"Haya."

Baada ya hapo Syokau alikuja wodini kwa haraka haraka, akaleta uji, akaondoka. Nashon aliona macho yake mekundu na simu haitoki mkononi. Akadhani anaandikiana na mtu. Akajiambia ni haki yake, kisha akageukia ukuta.

Alasiri moja Syokau alikuja na gauni la njano la mnada, limepigwa pasi. Akavuta kiti.

"Sitaki kukubembeleza tena. Sikiliza tu." Akapiga simu, akaweka sauti juu. "Morris, ng'oa waya wa mashine."

"Nimeng'oa."

"Rudisha, uwashe. Usiguse kitu kingine."

"Imewaka, dada."

Wakangoja. Nashon aliitazama simu ambayo Syokau alimwekea kifuani. Duara lilizunguka, likazunguka. Kisha kilima kikatokea, na mienge yake yote ya zamani.

"Mchezo umerudi wenyewe," alinong'ona.

"Tembea."

Akasogeza kidole. Nyumba ilikuwa fupi. Akaizunguka mara mbili.

"Ghorofa iko wapi?"

"Nimebomoa."

Ngazi ndefu haikuwepo. Chumba cha kulala kilikuwa chini, dirisha pana limefunguliwa upande wa kilima. Milango ilikuwa mipana. Mbele, pale palipokuwa na vidato, palikuwa na mteremko laini wa mawe, tofali moja moja, unaotoka mlangoni mpaka njiani. Ndiyo kazi iliyomfanya Syokau awe na macho mekundu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kibao cha mbao. Kilikuwa kimeandikwa NGUI.

Nashon alisimama pale, yaani kidole chake kilisimama, na machozi yakamtiririkia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali.

"Ulisema ukitoka shimoni utaniuliza neno," Syokau alisema.

"Sina cha kukuonyesha."

"Sijakuuliza una nini."

Wodini mgonjwa mmoja alikohoa. Nashon alionyesha miguu yake kwa kidevu.

"Utaishi na mimi hivi?"

"Nitaishi. Nitachoka, nitakugombeza, na nitaishi."

Akawasha mwenge mmoja chini ya kibao cha Ngui. Akamrudishia Syokau simu.

"Wa mlangoni weka wewe," alisema.

Syokau akauweka.