Mtini wa Lavon na Wosia Ambao Hakuuandika

Mwezi wa saba, kwetu kisiwani, ni mwezi wa tini. Mama huamka alfajiri ili awawahi ndege. Anavaa viatu vya mpira vya marehemu baba, anabeba beseni, anakwenda kuchuma. Jua likipanda, nyumba nzima inanukia sukari na limau. Sisi watu wa pwani ya Karolina Kusini tunazipika tini mpaka ziwe nzito, kisha tunazitia kwenye chupa. Ukizipaka kwenye mkate wa moto, unasahau hata jina lako.

Mwaka juzi, wakati kama huu, tulikuwa tukifunga sanduku la chupa za kumpelekea mdogo wangu, Lavon. Alikuwa akiishi Filadelfia na mkewe na mtoto. Kila Jumapili jioni alipiga simu. Salamu hana. Anaanza tu, "Mama, mtini umezaa?" Hata Desemba anauliza. Mama naye anamjibu, "Una wazimu wewe. Njoo uangalie mwenyewe." Basi hapo watacheka wawili hao mpaka niwanyang'anye simu.

Lavon alifariki mwezi wa pili uliofuata. Moyo ulisimama akiwa kazini. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Tangu siku hiyo, simu ikilia Jumapili, mama anainuka haraka, halafu anakumbuka, anakaa tena. Mimi namwona vizuri, kwa sababu na mimi huwa nimeinuka.

Tini zilipoiva, mama akapika kama kawaida. Meza ikajaa chupa.

"Hizi zote za nani, Mama?" nikamwuliza.

"Za Lavon."

"Mama."

"Najua, Odessa. Niache nipike."

Nikamwacha. Nilimkumbuka sana mdogo wangu siku ile, nikaenda kulia nyuma ya banda la kuku ili binti yangu Zipora asinione.

Jioni akapiga simu Simone, mke wa Lavon. Tangu mazishi tulikuwa hatuongei sana. Mama alikuwa na kinyongo naye. Simone alimzika Lavon kule kule Filadelfia, na mama alitaka mwanawe alale hapa, karibu na baba, kwenye makaburi yetu nyuma ya shamba. "Amenibania mwanangu," ndivyo alivyokuwa akisema.

"Wifi," Simone akaanza, "kuna bwana mmoja amenipigia. Anataka kununua fungu la Lavon kwenye ardhi ya huko kwenu. Anasema mimi na mtoto wetu Nyla ndio warithi wake. Nimeona nikuulize kwanza."

"Fungu gani? Ile ardhi haina mafungu. Ni yetu sote."

"Hata Lavon alikuwa akisema hivyo. Lakini huyu bwana anasema nikitia saini tu, yamekwisha. Kodi ya nyumba imepanda, wifi. Nyla anaanza shule. Na huko Lavon hakuwahi kujenga hata choo."

Nilimwomba asitie saini kwanza, anipe wiki moja. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia.

"Alimzika mbali," akasema. "Sasa anataka kumwuza."

Kesho yake, baada ya ibada, akaja jirani yetu Mzee Capers. Huja kila Jumapili kula wali mwekundu wa mama, uliopikwa kwa nyanya, na kila Jumapili lazima alalamike.

"Bi Lurline, leo chumvi umeisahau."

"Na sahani ya pili unaiomba ya nini?"

"Nataka kuhakikisha."

Siku nyingine mama angeendelea kumjibu. Siku hiyo alimweleza habari ya Simone. Mzee Capers akaweka kijiko chini.

"Isaya aliacha wosia?" Isaya ni baba yangu.

"Isaya aandike wosia wa nini? Alisema ukiandika majina utamsahau mmoja, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Ardhi ni ya wote. Baba yake alisema hivyo hivyo. Kwani hapa kisiwani nani anaandika?"

"Hakuna. Na ndiyo maana nusu ya kisiwa sasa ina mageti ya matajiri wageni."

Akatusimulia. Baba yake naye aliwaachia watoto wote ardhi bila wosia. Mpwa mmoja wa Mzee Capers aliyerithi fungu la mzazi wake, aliyekuwa Detroit na hata njia ya kuja kisiwani haijui, akauza fungu lake. Aliyenunua akawa mwenye ardhi pamoja nao. Akaenda mahakamani, akadai hawaelewani, akaomba ardhi yote iuzwe wagawane pesa. Mahakama ikakubali.

"Ikauzwa yote," Mzee Capers akasema. "Nyumba niliyozaliwa, bustani, kila kitu."

"Kwa fungu la mtu mmoja?" nikauliza.

"Mmoja tu. Mke wangu Hattie amezikwa ndani ya ua wa hao walionunua. Nikitaka kumpelekea maua, nasimama getini, na mlinzi ananiuliza nimekuja kumwona nani."

Tulijua kaburi la Hattie liko kule. Habari ya mlinzi hatukuijua. Mama akamwongezea wali bila kuombwa.

Ndipo nilipoelewa hatari yetu. Simone akiuza, mtu tusiyemjua atakuwa na haki kwenye nyumba yetu, kwenye mtini, na mpaka kwenye kaburi la baba.

"Huyo binti hana kosa," Mzee Capers akasema. "Ana haki yake. Isaya alipofariki bila wosia, sheria iligawa kwa mkewe na watoto wake. Lavon alipofariki bila wosia, fungu lake likaenda kwa mkewe na mtoto. Nyinyi hamkugawa, basi sheria ikawagawia."

"Lakini Lavon alikuwa kijana, Mzee. Nani anaandika wosia na miaka thelathini?"

"Mwenye mke. Mwenye mtoto. Mwenye kitu ambacho hataki kipotee. Wewe una miaka mingapi, Odessa?"

Nina thelathini na tano. Nilikuwa nimedhani mazungumzo yale yanawahusu wazee.

Mama akasema, "Mpigie Simone. Mwambie aje aone hicho anachotaka kukiuza."

Simone akaja na Nyla, mwezi wa nane mwanzoni. Alikuwa amekonda. Mama alimsalimia vizuri lakini kwa mbali, kama mgeni wa kanisa. Nyla, ambaye alikuwa na miaka minne, hakusubiri salamu ya mtu. Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye mtini.

"Ndiyo huu wa baba?" akauliza.

"Ndiyo huu," mama akasema, akamshushia tawi.

Tulipokaa jikoni, Simone akatoa chupa kwenye mkoba. Ilikuwa ya tini zetu za mwaka juzi, na mfuniko haujafunguliwa.

"Ni ya mwisho," akasema. "Lavon aliiweka akiba. Nyla ananiomba kila siku nimfungulie, nami nashindwa. Nikiifungua itakwisha."

Mama aliitazama ile chupa. Halafu akauliza swali lililomkaa kooni tangu mazishi.

"Kwa nini hukumleta nyumbani?"

"Mama, sikujua. Hospitali wananiuliza, kanisani wananiuliza, watu wa jeneza wananiuliza, azikwe wapi? Habari za huu mti alinisimulia kila siku. Habari za kuzikwa hakuwahi kusema. Nikachagua pale karibu, ili Nyla aweze kwenda kumwona."

Mama aliifuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu.

"Hata mimi hakuniambia," akasema mwishowe. "Nimekukasirikia bure, mwanangu. Nilikukasirikia kwa neno ambalo hakumwambia mtu."

Wakakumbatiana, wakalia. Mimi nilijifanya natafuta mkate. Kisha mama akafungua ile chupa kwa mkono wake, akampakia Nyla kwenye mkate, na kabatini mlikuwa na nyingine tele zikimngoja.

Jumatatu Mzee Capers akatupeleka mjini kwa gari lake, kwa wakili anayeshughulika na ardhi za familia. Anaitwa Bi Rosalind Heyward. Alianza na Simone.

"Una haki ya kuuza, na hakuna wa kukulaumu," akamwambia. "Lakini bei uliyopewa ni ndogo sana. Tena ujue, anayenunua fungu lako huenda akaomba ardhi yote iuzwe."

"Na mtini je?" Simone akauliza.

"Utakwenda na ardhi."

Simone akafunga mkoba wake. "Basi siuzi," akasema. "Mwili niliuzika mbali, lakini mume wangu mwenyewe amebakia kwenye mti ule."

Wakili akatueleza la kufanya. Kwanza, mirathi ya baba ifunguliwe mahakamani, kisha ya Lavon, ili hati ya ardhi iwe na majina ya walio hai. Pili, tuandikiane mkataba kwamba anayetaka kuuza awauzie wenzake kwanza. Tatu, kila mtu mzima aandike wosia wake.

Mama akakunja uso. "Nikiandika wosia si nitakuwa najiita kaburini?"

"Mumeo aliandika, Bi Lurline?"

"Hakuandika."

"Na ikawaje?"

Mama akacheka. Tangu mwezi wa pili sikuwa nimemsikia akicheka.

Halafu Bi Rosalind akanigeukia. "Na wewe?"

"Mimi nina nini cha kuandika? Nina gari bovu ambalo mlango mmoja haufunguki."

"Una mtoto. Leo ukipata ajali, nani atamlea? Ukilazwa huwezi kusema, nani azungumze na daktari badala yako? Ukifa, unataka kuzikwa wapi?"

Majibu yote nilikuwa nayo kichwani.

"Nani mwingine anayajua?" akaniuliza.

Hakuna aliyeyajua. Nikamfikiria Simone katika zile siku za msiba, akiulizwa na kila mtu, na mwenye jibu hawezi tena kujibu. Nikaandika siku ile ile. Mlezi wa Zipora, wa kunisemea hospitalini kwa karatasi yake pekee, fungu langu la ardhi, mahali pa kuzikwa. Wosia nikautia saini mbele ya mashahidi. Bi Rosalind akasema naweza kuubadilisha wakati wowote nikiwa hai na akili timamu, na niuweke mahali ambapo ndugu zangu wanapajua. Akasema pia kila mahali pana sheria yake. Basi wewe unayesoma, uliza kwenu, na usingoje uzee.

Kazi ya mahakama ilichukua miezi. Sasa hati ina majina yetu. Pale kando ya mtini, Lavon alipokuwa akisema atajenga, ni pa Nyla, na imeandikwa. Simone ameandika wosia wake. Hata Mzee Capers, asiye na ardhi, ameandika kwamba azikwe karibu na Hattie, na watoto wake wanajua geti la kugonga. Mdogo wangu bado yuko mbali. Hilo hatuwezi kulirekebisha, na bado linauma.

Jumapili moja ya Januari, jioni, simu ikalia. Mama akainuka haraka, kama kawaida yake. Safari hii hakukaa tena. Akaipokea.

"Bibi," sauti ndogo ikasema, "mtini umezaa?"

Mama akashika ukingo wa meza. Nje baridi ilikuwa kali, na mti hauna hata jani.

"Una wazimu wewe," akasema. "Njoo uangalie mwenyewe."