Siku Nilipoufuta Msamaha Wangu

Kila asubuhi kijijini kwetu Sapiwi mambo huanza namna moja. Mama huwasha moto, baba hukagua nira za maksai, na mdogo wangu Elia hutafuta kiatu alichokitupa mwenyewe jana yake. Kisha tunakwenda shule. Yaani, wenzangu walikuwa wanakwenda. Mimi, tangu mwezi wa sita ulipoanza, nilibaki jikoni na kusingizia tumbo.

Tumbo langu lilikuwa zima kabisa. Nilichokuwa nakiogopa ni pamba.

Usicheke. Wakati wa mavuno, pamba kwetu iko kila mahali. Imeanikwa uani, imejazwa chumbani, na barabara ya shule imejaa mikokoteni ya ng'ombe inayoipeleka kwenye ghala la ushirika. Nikisikia magurudumu tu, pumzi inanikatika. Watoto wengine hulala juu ya pamba kwa raha zao, lakini mimi nililala jikoni karibu na mafiga. Na nilikuwa darasa la saba! Mtihani wa taifa ulikuwa mwezi wa tisa, nami nilikuwa nahesabiwa mtoro.

Yote yalianza mavuno ya mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimekaa juu ya mafurushi ya pamba kwenye mkokoteni wa baba mkubwa Shigela. Aliyeendesha alikuwa mwanawe, kaka Mwandu, kijana wa miaka kumi na sita. Mkokoteni mwingine ukatupita, na waliokuwa juu yake wakamzomea. Mwandu na kuzomewa ni mbingu na ardhi. Akawachapa maksai wakaanza kukimbia.

"Kaka Mwandu, punguza!" nilipiga kelele.

Hakupunguza. Penye korongo mkokoteni ukapinduka, na mafurushi yote yakaniangukia. Mguu ulivunjika, lakini mguu ulipona. Kilichobaki ni lile giza la chini ya pamba, pamba puani, pamba mdomoni, nami naita na hakuna anayeitika, maana Mwandu alikuwa amekimbia. Walionitoa ni wapita njia.

Na alipopatikana alisema nini? Eti mimi ndiye niliyevuta kamba ya maksai kwa utundu! Watu wakamwamini.

Baba mkubwa akaleta mbuzi. Kwetu ndugu wakikoseana hula nyama pamoja, ugomvi ukaisha. Ni desturi nzuri, wala siisemi vibaya. Ila wazee wawili walikaa, wakapatana wao kwa wao, mbuzi akachinjwa, nyama ikaiva, ndipo mimi nikaitwa, mguu ukiwa bado umefungwa plasta.

"Mpe kaka yako mkono," alisema baba mkubwa. "Yaliyopita si ndwele. Sema nimekusamehe."

Nikasema. Ungekuwa wewe ungekataa, wazee wote wanakutazama? Nikapewa kipande cha ini. Kilinikwama kooni nikakitema nyuma ya nyumba.

Tangu hapo, kila niliposhtuka niliambiwa, "Si ulishasamehe? Mbona hayaishi?" Nikaanza kuamini kwamba mimi ni mtoto mwenye roho mbaya.

Aliyeniokoa ni mwalimu wetu, Mwalimu Joakim. Alikuja nyumbani siku moja akanikuta jikoni na lile tumbo langu la uongo. Aliniuliza maswali mawili matatu, nikaangua kilio.

"Mzee," alimwambia baba, "huyu mpeleke hospitali mjini Bariadi. Kuna mshauri nasaha pale."

"Mwalimu, mguu si umepona? Atatibiwa nini tena?"

"Mguu umepona. Hofu haijapona, na hofu nayo ina wataalamu wake."

Basi Jumatano baba akanipakia kwenye bodaboda. Nilitegemea sindano. Nikamkuta mama mmoja mwenye kicheko kikubwa, Bi Generoza.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, kama tunavyowaamkia mama zetu.

"Mwangaluka, mwanangu. Kaa. Hapa hatuchomi mtu."

Aliniacha nisimulie yote bila kunikatiza, mpaka mafua ya kilio yakanishika. Kisha akasema, "Wewe si mtundu wala si mwongo. Mwili wako unakumbuka hatari, ndiyo maana unapiga kengele hata pale ambapo hatari haipo. Tutaufundisha taratibu."

Na kweli ilikuwa taratibu. Wiki ya kwanza aliniwekea pamba kidogo kiganjani, nikavuta pumzi polepole huku tukihesabu pamoja. Wiki ya pili ilikuwa kikapu kizima. Wiki ya tatu, nyumbani, mama alinishika mkono tukasimama karibu na mkokoteni usio na ng'ombe. Nilitoka jasho, lakini sikukimbia.

Wiki ya nne nikamtolea siri yangu. "Nilisema nimemsamehe Mwandu. Nilidanganya. Sijamsamehe. Sasa nitapona kweli?"

Bi Generoza akaweka kalamu chini. "Nani amekuambia usipotangulia kusamehe huwezi kupona?"

"Watu wote."

"Basi watu wote wamekosea. Kupona huanza na ukweli. Msamaha huja baadaye, na ukija husaidia sana, kwa sababu kinyongo ni mzigo na anayeubeba ni wewe. Lakini hakuna mwenye haki ya kukung'oa msamaha mdomoni kama jino. Wala kusamehe si kusema halikutokea."

"Kwa hiyo ule msamaha naweza kuufuta?"

Alicheka mpaka miwani ikateleza. "Ukiwa tayari unaweza. Ila baba yako awe karibu nawe."

Nilimweleza baba tulipofika nyumbani. Akasema, "Jumapili tukitoka kanisani, twende kwa kaka yangu."

Tukawakuta baba mkubwa na Mwandu uani wakifunga pamba. Nilisimama mbele yao, sauti ikatoka.

"Baba mkubwa, ule msamaha nilioutoa nimeufuta."

"Kuufuta?" alimaka. "Mbuzi tulishamla!"

"Mlimla ninyi. Mimi sikumeza." Nikamgeukia Mwandu. "Sikuvuta kamba. Nilikuambia upunguze, hukupunguza. Nilikuita chini ya pamba, nawe ukakimbia."

Baba mkubwa alifoka, "Mtoto gani huyu asiye na—"

"Kaka," alisema baba, "mwache amalize."

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akimkatiza kaka yake. Mwandu akaachia furushi alilokuwa analifunga.

"Ni kweli," alisema. "Nilidhani amekufa, nikaogopa. Halafu nikaogopa kusema. Mpaka leo naisikia sauti yake ikiniita." Akalia, lile jitu refu, mbele ya baba yake. "Nyanjige, nisamehe."

Wote wakanitazama. "Nimekusikia," nilisema, "lakini bado."

Safari hii hakuna aliyenilazimisha. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, nikaimba njia nzima.

Kesho yake nilitoka kwenda shule, nikamkuta Mwandu barabarani. Hakuniambia neno. Alitangulia mbele, akawa anawasimamisha waendesha mikokoteni: "Subirini kidogo, dada yangu apite. Mwaka jana nilimpindua, nikamsingizia." Wengine walimcheka. Na yeye, yule asiyependa kuzomewa, aliwaacha wacheke. Alifanya hivyo wiki mbili nzima.

Siku ya mwisho ya kuuza pamba nilimkuta uani akifunga nira. Nikaitafuta ile hasira yangu, nikaikosa. Nikamwambia, "Kaka Mwandu, nimekusamehe. Leo nasema mwenyewe, sijatumwa na mtu. Ila hao maksai nitawaongoza mimi."

Akanikabidhi kamba bila ubishi. Nikatangulia mbele ya maksai wawili wenye pembe ndefu na mkokoteni uliojaa pamba pomoni, magurudumu yakilia nyuma yangu, na moyo wangu ukienda mbio kwa furaha tupu. Mwandu alitembea nyuma kwa adabu zake. Tulipoingia uwanja wa ghala, mama alipiga vigelegele, na wanawake wengine wakampokea. Hata baba mkubwa alivua kofia.

Baba alinishika bega mbele ya watu wote. "Nyanjige, sisi wazee tulikosea," alisema. "Tulipatanisha nyumba mbili tukamsahau mwenye kidonda. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Anautoa mwenyewe, akishasikilizwa na akishaambiwa ukweli. Na ukiogopa tena kitu mpaka ukashindwa kuishi, usijifiche jikoni. Sema, usaidiwe."

"Nimekuelewa, baba," nilisema.

Mwezi wa tisa niliingia chumba cha mtihani nikiwa na kalamu mbili na usingizi wa kutosha. Nilifaulu, tena sikubahatisha.