Wageni wa Kompyuta Namba Sita

Jioni hiyo dada yangu Twahira alinituma duka la dawa. Mwanawe, Maulida, alikuwa na siku thelathini na tatu duniani, na tangu alfajiri hakuwa amenyonya. Hata kulia hakulia. Alilala tu, macho wazi, amekonda mpaka nepi ilikuwa inamvuka.

"Zile pakiti za maji ya chumvi na sukari," Twahira alisema. "Ukimbie, Nasri. Usipitie kokote."

Nilijua nitapitia.

Mlangoni nilikutana na Namelok, mama wa Kiarusha aliyekuwa akituletea maziwa kutoka Terrat. Sikumwamkia. Nilikuwa simwamkii siku zote. Niliona shikamoo yangu ni ya watu waliosoma. Alipomwona mtoto mara ya kwanza, siku ya saba, alimtemea mate kwenye paji la uso, akasema, "Mbaya huyu." Nilimfuta mtoto kwa leso palepale. Twahira aliniambia ndivyo wanavyobariki wenzetu. Nikajibu baraka za namna hiyo akampe punda wake.

Safari hii Namelok alinishika mkono.

"Nani amemtazama mtoto?" alinong'ona.

"Hajatoka nje. Arobaini bado."

"Wamemtazama. Wengi." Alitazama nyuma yake, akasogea. "Anayemtazama mtoto anatema mate, anasema mbaya huyu. Ndiyo anamwachia mama yake. Asipotema, ameondoka na kipande. Waambie warudi wateme."

Nilicheka. Lakini kicheko kilikatika njiani, kwa sababu nilijua ni nani waliomtazama.

Ulikuwa mwaka elfu mbili na moja, na Arusha nzima ilikuwa imeugua intaneti. Wenzangu waliingia kutafuta wachumba wa Kizungu, wakiandika kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Mimi nilikuwa na ukurasa wangu. Niliuita Vumbuzi za Nasri. Kila wiki niliandika nilichokipata mtandaoni: programu ya bure ya kuondoa mikwaruzo kwenye muziki wa kaseti, Mjapani anayechora nyuso za watu kwa herufi tupu, saa ya mkononi inayopiga nyimbo. Chini niliweka kihesabu cha wageni, na kitabu chao cha kuandika maoni. Baada ya miezi minane kihesabu kilisoma arobaini na moja. Thelathini na nane nilikuwa mimi mwenyewe. Sikushangaa. Mji huu ungejua nini?

Kisha nikaazima kamera ya dijitali, zile zilizokuwa zikimeza diskete, kutoka kwa jamaa wa ofisi moja ya utalii. Nilitaka kuwaonyesha watu inavyopiga. Twahira alipokwenda kuoga, nikampiga Maulida. Picha ilitoka safi, hata kope zilihesabika. Nikaiweka ukurasani.

Kesho yake, wageni mia mbili. Siku ya tatu, mia saba. Kitabu cha maoni kilijaa neno moja, bila jina la mwandishi.

Mzuri.

Mzuri.

Mzuri huyu.

Nilifurahi kama mjinga. Niliamini ni watu wa Norwe na Japani, watu wenye akili, wamenitambua hatimaye. Mtoto alianza kukonda siku hizohizo na mimi sikuunganisha.

Nilinunua pakiti, nikaitia mfukoni, nikapitia kwa Abasi. Intaneti kafe yake ilikuwa hapo Kaloleni: kompyuta sita za mtumba, na mwenyewe akifuta vioo kwa mkono wa kanzu. Nilimdharau Abasi kwa mambo mengi, na hilo la kanzu lilikuwa dogo.

"Afadhali umekuja," alisema. Alikuwa anaongea chini ingawa wateja walikuwa wameshaondoka. "Njoo uone wageni wako."

Alinifungulia orodha. Kila mgeni aliingia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro robo, jioni. Na hawakutoka Norwe wala Japani. Walitoka hapohapo kwake. Wote, mia tisa na kitu, walitumia kompyuta moja. Namba sita, ile ya ukutani.

"Muda huo ninafunga, ninakwenda kuswali Magharibi," Abasi alinong'ona. "Na ufunguo ninao mimi."

"Basi kuna kibaka amechonga mwingine, na wewe umelala," nilimwambia. "Nifungie ndani. Nitamkamata."

Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Mtoto anakufa nyumbani, dawa iko mfukoni, mimi ninawinda kibaka wa kompyuta.

Adhana ikaanza. Kufuli likabana nje. Nikakaa namba sita.

Kwanza niliifuta ile picha. Maneno ya Namelok yalikuwa yananikera kichwani, nikataka yanyamaze. Nikafungua ukurasa upya.

Ipo.

Nikafuta tena. Ipo. Maulida ananitazama, kope zote.

Nyuma yangu kiti kikalia... kriii.

Halafu harufu. Maziwa yaliyochacha, yale anayotapika mtoto mchanga begani mwa mtu. Ikaja pumzi, ya baridi, shingoni. Chini ya picha kihesabu kikapanda kwa mmoja.

Pumzi nyingine. Mmoja tena.

Niliogopa. Naandika hivyo bila kuzunguka, mimi niliyewacheka waoga wote wa Kaloleni. Kwenye kioo cha kompyuta niliona uso wangu, na nyuma yake nyuso nyingine, zimeinama, zinachungulia juu ya bega langu. Hazikusukumana. Zilipokezana kwa adabu, kama watu wanaoaga maiti.

"Mzuri..." mmoja alinong'ona.

"Mzuri..."

Sikugeuka. Nilikumbuka mate. Basi nikayatafuta mdomoni, na mdomo ulikuwa mkavu kama unga. Nikajaribu. Hakuna. Kihesabu kinapanda. Kwenye picha mashavu ya mtoto yalikuwa yanabonyea, taratibu, mbele ya macho yangu.

Nikauma ulimi.

Nikatema damu na mate kwenye kioo, usoni mwa mtoto wa dada yangu. "Mbaya huyu!" nilisema. "Mbaya! Mbaya!"

Kihesabu kikasimama.

Nilidhani wameondoka. Kisha baridi ikanigusa sikio, karibu kabisa.

"Basi tuazime macho yako."

Nilisema ndiyo. Kwa ajili ya yule mtoto ningesema ndiyo kwa lolote, na hilo ndilo jambo pekee jema ninaloweza kujisifia.

Abasi alirudi kutoka msikitini, akanifungulia. Nilikimbia mpaka nyumbani. Twahira alikuwa kitandani analia na kucheka, na Maulida amening'inia kwenye ziwa, ananyonya kwa pupa. Pakiti ya dawa ilikuwa bado mfukoni mwangu. Nesi wa zahanati alisema watoto wachanga ndivyo walivyo, leo hivi kesho vile. Nesi naye simwoni mtu.

Ukurasa niliufuta wote, ukafutika.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa wanawake. Kwa mara ya kwanza nilimwambia Namelok, "Shikamoo, yeyo," yaani mama kwa lugha yao. Akaitika, akamtemea mtoto mate, akasema neno lake, akaniwekea mtoto mikononi. Nilikuwa nimejiandaa. Mate nilikuwa nayo, na neno nilikuwa nalo. Nikamtazama Maulida, nikafungua mdomo.

"Mzuri," nilisema.

Sauti ilitoka chini sana. Mate yalikuwa yamekauka. Nilishindwa kuondoa macho usoni mwake, na yeye aliyekuwa anarusha miguu akatulia kimya. Namelok alimnyakua. Twahira alinitazama mara moja tu, akamfunika mwanawe kwa kanga na kutoka naye.

Wiki ile ile alihamia Kikatiti, kwa wakwe zake, bila kuniaga. Mwaka umepita. Hapa mtaani nako akina mama wanageuza watoto wao nikipita. Ujinga mtupu. Sijamgusa mtoto wa mtu, sijapiga picha ya mtu. Wawili waliougua, waliugua kwa sababu ya uchafu wa mama zao.

Maulida nasikia sasa anatembea. Nasikia amenenepa, amependeza sana. Nimeuliza pale Kikatiti, nimeelekezwa nyumba.

Nitakwenda Jumamosi. Nataka kumtazama tu, kidogo.