Chumvi ya Ndani

Risasi ya kwanza ilipiga mnazi.

Ya pili ilimpita sikioni, akaisikia ikilia.

Usi Nahodha aliinama juu ya pikipiki yake ya BSA, akaongeza moto. Miwani ya vumbi machoni, kitambaa usoni mpaka puani. Nyuma yake Land Rover ya kijani ilikuwa imechomoka kwenye ghala la Mtoni na sasa inamfukuzia mbio kwenye barabara ya Bububu, asubuhi kweupe, watu wanatazama. Mgongoni amejifunga mzingo wa kamba.

Kamba, naam. Kamba ya usumba wa makumbi ya nazi, ya kufungia mbuzi. Cheka ukitaka, lakini waliokuwa ndani ya Land Rover hawakucheka.

Saa tatu na robo.

Akachomoa bastola ya Webley kiunoni, akageuza shingo, akafyatua mara moja tu.

Tairi.

Land Rover ikayumba, ikaingia mtaroni, ikalala ubavu kwenye shamba la muhogo la mtu. Usi hakugeuka kuangalia tena. Pale Kinazini alisimama penye duka lenye simu.

"Halo."

"Makumbi yashafukuliwa?" Sauti ya Matar, mkuu wake, mpelelezi wa Baraza la Biashara, kavu kama siku zote.

"Nshayafukua."

"Wamekuona?"

"Wameona kitambaa. Uso, la."

"Mzingo mwachie mlinzi wa forodha, ataufikisha Barazani. Kisha kavae kanzu, ukakae na bwana wako. Na, Usi..."

"Naam."

"Shahidi wetu ni mama yako. Usimtazame."

Simu ikakatika.

Ilikuwa mwaka 1958, na ngoja niseme shauri lenyewe, maana si gumu. Kampuni ya Karsten, mgeni kutoka ng'ambo, ilikuwa ikiuza kamba mjini kwa bei ya chini kuliko inavyoziuza huko kwao. Sheria haikatazi mtu kuuza rahisi. Inakataza kuuza kwa hasara makusudi mpaka kazi ya wenyeji ife, kisha ukabaki peke yako sokoni ukapandisha utakavyo. Wanawake wa Jambiani na Paje, wanaosokota kamba tangu enzi za bibi zao, walipeleka malalamiko kwenye Baraza la Biashara. Barua ya bei za ng'ambo Baraza lilikuwa nayo tayari. Usi aliipiga picha kwa kamera ya Minox, ndogo kama kibiriti, mezani kwa Karsten mwenyewe. Likabaki neno moja tu. Karsten aliapa kwamba kamba zake hazikutoka nje, amezinunua Jambiani, na ghala lake la Mtoni hakumfungulia mtu alikague. Zikiwa za hapa hapa, hakuna shauri, na wanawake warudi kwao mikono mitupu.

Usi alikuwa karani wa Karsten. Mwaka wa tatu huo. Jambiani nzima ilijua kwamba kijana wa Bi Mwanamkasi anamshikia kalamu yule anayeua kazi ya mama yake. Mama alimpelekea salamu moja tu: asikanyage mlango wangu. Hakukanyaga. Idd sita alizila kwenye chumba cha kupanga Malindi, peke yake, mkate na chai. Wallahi, upweke huo hauzoeleki.

Saa nne kamili, ukumbini kwa Baraza, Usi alikuwa ameketi nyuma ya Karsten, kanzu nyeupe, kofia imenyooka, pumzi imetulia. Mzingo uliletwa mezani, lakiri ya kampuni ingali imening'inia.

Karsten akatabasamu. Usi alijua kwa nini. Juzi mzungu huyo aliamrisha makuli wamwagie kila mzingo maji ya bahari, ndoo kwa ndoo. Alishasikia kwamba kamba za Jambiani hujulikana kwa chumvi. Na Usi hakupata upenyo wa kumwonya mtu yeyote.

"Bi Mwanamkasi bint Pandu," mwenyekiti aliita. "Kamba hii ni yenu?"

Alisimama taratibu, kanga imefifia, vidole vimekauka kwa usumba. Amekonda. Usi alitazama sakafu.

Bi Mwanamkasi aliitia kamba ulimini.

"Ina chumvi," alisema.

Ukumbi ukaguna. Karsten akaegemea kiti. "Si nilisema?"

"Hebu we, ngoja, sijamaliza!" Bi Mwanamkasi alimkata jicho. "Haraka ya nini, una mgonjwa nyumbani?"

Watu wakacheka. Akaishika kamba kwa vidole gumba, akaisokotoa, uzi mmoja, wa pili, mpaka kiini. Akaonja tena.

Akatema.

"Juu chumvi, ndani bure. Bwana mkubwa, sisi makumbi tunayafukia pwani miezi sita. Bahari inapanda na kushuka juu yake mpaka yaoze. Chumvi inaingia kabla ya uzi kuwa uzi. Hii imeozeshwa kwa maji baridi ya mto, na kwetu Jambiani mto hatuna. Wameiosha uso tu. Onja mwenyewe."

Akaweka na kamba yake mwenyewe kando, kuukuu, nyeusi. Mwenyekiti aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha jitu zima na miwani yake likaonja kamba mbili mbele ya umma.

"Njia ya mwongo fupi," alisema, akifuta ulimi.

Kufikia adhuhuri hukumu ilikuwa imesomwa. Kamba za Karsten zingetozwa ushuru maalumu, bei ilingane na ya kwao. Ghala la Mtoni likafungwa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka juu ya paa.

Usi aliokota kipande cha ile kamba nyeusi mezani, akakitia mfukoni. Mlangoni wakakutana uso kwa uso.

"Shikamoo, mama."

Matar alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo. Karsten alikuwa nyuma. Jioni hiyo meli ilikuwa inaondoka kwenda Mombasa, Karsten alikuwa na maghala mengine mawili huko, nayo yalingoja kupelelezwa, na karani wake alitakiwa awemo melini.

Bi Mwanamkasi alimtazama toka kofia mpaka viatu. Midomo ikatikisika kidogo. Marahaba haikutoka.

"Twendeni," aliwaambia wenzake. "Hapa pananuka."

Usi aliweka sawa kofia yake, akashuka ngazi bila haraka, mkono mmoja mfukoni, kama mtu anayekwenda kunywa kahawa.

Gatini Karsten alimsogelea, uso mwekundu kwa hasira. "Yule kizee. Unamjua?"

"Simjui, bwana."

Alipobaki peke yake kwenye ukingo wa meli, mji ukirudi nyuma, alikitoa kile kipande, akakisokotoa mpaka kiini, akakitia mdomoni.

Chumvi tupu, mpaka ndani.