Spea za Zamani Zirudishwe

Kilichoanza kumkera ni kiti. Kila asubuhi Mtunza Stoo akifungua mlango wa jipi lake, anakuta kiti cha dereva kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, utadhani usiku kucha kimekaliwa na mtu wa miguu mirefu. Yeye ni mfupi. Kazini wenzake humtania kwamba hata rafu ya pili huifikia kwa ngazi. Anakivuta mbele, anatukana kimoyomoyo, anawasha gari. Kesho yake, vilevile.

Gari lenyewe lilikuwa na umri kumzidi mkewe: jipi la kizamani, la kuvuta magurudumu yote manne, alilolitoa kwenye uwanja wa magari chakavu likiwa limeota majani mpaka ndani. Hakulinunua kwa ajili ya sifa. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa wa figo, mara mbili kwa wiki lazima apelekwe hospitali akasafishwe damu, na ile njia ya mawe ya kwao ilikuwa imeshawashinda madereva wote wa teksi. Kumkosesha mara mbili tatu ilikuwa ni kumchimbia kaburi. Basi akanunua alichokiweza, akasema atakitengeneza kidogo kidogo.

"Badilisha kiti tu, bosi," Spana, fundi wa gereji ya jirani, akamwambia. "Reli zake zimelika."

Kikabadilishwa. Wiki ileile usukani ukaanza kukutwa na joto kila asubuhi, joto la kiganja cha mtu, na harufu ya nywele zilizolowa ikajaa ndani ya gari. Usukani nao ukabadilishwa. Zikafuata pedeli, maana zilikuwa zikibonyea zenyewe gari likiwa limezimwa. Halafu giaboksi, halafu taa mbili za mbele zilizokuwa zikijiwasha mchana kweupe bila ufunguo, na mwisho injini. Akiziba hapa, panavuja pale. Yule bwana alichoka mpaka akawa anaamka na hasira kabla hajajua ni za nini.

Sasa lisikilizeni kosa lake, maana ni kosa la mtunza stoo, mtu mwingine asingelifanya. Kazini kwake sheria ni moja: kipya hakitoki mpaka kikuukuu kirudi. Ndivyo alivyowakomesha mafundi wanaochukua spea mpya kisha wanafunga ileile ya zamani iliyopigwa brashi. Kwa hiyo kila Spana alipofungua kitu, yeye alinyoosha mkono. "Cha zamani nipe." Anakifuta mafuta, anakifunga kikaratasi chenye jina na tarehe, anakibeba nyumbani. Kibanda cha nje kilikuwa kinavuja, na chumba chake na mkewe hakikuwa na pa kukanyaga. Vyote vikaishia chumbani kwa mama, chini ya kitanda na kandokando ya ukuta.

"Baba Watoto, chumba cha mgonjwa umekigeuza gereji," mkewe akamwambia. "Na hilo gari limeshakuwa mke mwenzangu. Tena ndiye anayependwa."

"Akiba haiozi," akajibu.

Na tuseme ukweli, gari lilipona. Kila kilichotolewa, kero moja ilikwisha. Injini mpya ilipoingia, likawa gari kama magari mengine. Akampeleka mama hospitali mara nne bila kusimama njiani, na mara ya nne alirudi anaimba.

Mama ndiye aliyeanza kuharibika. Kwanza aliuliza, "Mwanangu, huyu mgeni wako anaondoka lini?" Kisha akawa hataki kugeukia ukutani. Asubuhi moja alimshika mwanawe mkono, akamnong'oneza, "Ananiomba nisogee. Anasema amebanwa." Mtunza Stoo akaona ni maradhi tu yamempanda kichwani. Lakini siku ya hospitali ilipofika, alipoinama kumbeba kama alivyozoea, mama hakunyanyuka. Wakaja majirani watatu wakashika pamoja naye, na yule kizee, mifupa mitupu, akabaki palepale kama injini iliyolala sakafuni. Siku ile ikapita bila hospitali, na iliyofuata pia, na uso wa mama ukaanza kuvimba.

Ndipo mkewe alipomwita Mama Cherehani, mshona nguo aliyesifika kwa kutoa vitu ambavyo daktari havioni. Alifika saa sita mchana, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Akalizunguka jipi, akalinusa, akagonga boneti.

"Kaka yangu, humu hamna kitu. Hiki ni chuma tu."

"Chuma tu? Mwaka mzima limenitesa hili!"

"Limekutesa alipokuwamo. Ulivyovitoa umevitupa wapi?"

Mtunza Stoo aligeuka akatazama dirisha la chumba cha mama. Mkewe akajibu kwa niaba yake, "Hajatupa hata skrubu moja."

Walipousukuma mlango wa chumba, harufu ya nywele zilizolowa iliwapokea, na Mtunza Stoo akaona kwamba vile vitu alivyovipanga ukutani kwa mikono yake, kwa kufuata tarehe, havikuwa tena ukutani, bali vilikuwa vimejipanga katikati ya chumba kila kimoja mahali pake, taa mbili mbele, injini nyuma ya taa, giaboksi, pedeli, usukani, kiti, na juu ya kiti, yeye ambaye kwa miezi minane hajaketi bila kuegemezwa, alikuwepo mama yake, mgongo umenyooka, mikono imeukamata usukani, kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na miguu ya yule kizee mfupi ilikuwa imezifikia pedeli.

"Mmenifungua kipande kipande," sauti nzito ikatoka kinywani mwa mama. "Nimepata pa kujiunga."

Mama Cherehani alimvuta Mtunza Stoo nje, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mrudishie huyo mgeni gari lake kama lilivyokuwa. Kila kitu, leo hii. Ataondoka nalo."

"Na mama nitampeleka hospitali na nini?"

"Kwanza awepo wa kupelekwa."

Alitamani kulia kwa hasira. Mwaka wa kujinyima, ukafunguliwa mchana mmoja. Spana akaja na wenzake wote wa gereji, wakaanza, na kilichowatisha ni kwamba vile vyuma vya zamani vilikuwa vyepesi kama kuni kavu, na boliti zilikuwa zikijikaza zenyewe. Pedeli ziliporudi, miguu ya mama ililegea. Usukani uliporudi, mikono ikaanguka mapajani. Kiti kilipochukuliwa, wakamlaza kitandani, mwepesi kama zamani. Zikabaki taa.

"Vyote ni vyake?" Mama Cherehani akauliza.

"Vyote," akasema, na hata katika machozi yale fahari ya stoo ilisikika. "Mimi fundi hanidanganyi."

Spana alikuwa ameinama kwenye taa ya kushoto, anakaza kwa mkono. Boliti zile tu ndizo hazikujikaza zenyewe.

Jipi likawaka bila ufunguo. Taa ya kulia ikawaka, ya kushoto ikabaki giza. Gari likanguruma palepale, halisogei, kama mtu anayesubiri chenji yake. Kisha ya kushoto nayo ikawaka, mwanga hafifu wa kahawia, wenye majimaji kama jicho la mzee, na jipi likapanda ile njia ya mawe bila dereva mpaka likapotea kilimani.

Spana aliketi chini kwenye vumbi. "Bosi, nisamehe. Ile taa ya kushoto siyo yake. Ya kwake ilikuwa nzima, nikaiuza. Nikakupa ya gari lingine, maana wewe ulitaka tu kuona kitu mkononi."

Mtunza Stoo alikuwa ameshageukia nyumba, kwa sababu mama yake alikuwa anamwita kutoka chumbani, kwa sauti yake mwenyewe, ile dhaifu aliyoikosa siku zote zile.

"Mwanangu, njoo. Mbona upande huu wa kushoto mmezima taa?"

Ilikuwa saa tisa alasiri, na madirisha yote yalikuwa wazi.