Mbwa Mkali wa Masinde

Masinde alikuwa mlinzi wa ghala. Alitoka Bungoma miaka michache baada ya vita vya 1986, akavuka mpaka, akapanga nyumba mtaa wa Makindye na kufuga mbwa uani. Mbwa huyo aliitwa Kifaru. Kila asubuhi Masinde alimfungia ndani ya kasha la mbao, gizani. Jioni alimpa ugali wenye pilipili, kisha akamchapa fimbo mbili tatu. Ndivyo walinzi wenzake walivyomfundisha: mbwa akiteswa, anakuwa mkali.

Mkewe, Nerima, alimsihi amwache mbwa apate jua. Masinde alimjibu kwamba mambo ya mbwa si ya jikoni. Alijibu hivyo kila siku, bwana huyu.

Habari zikaja kwamba jeshi linatafuta mbwa wa kunusa mabomu. Kichwa kikamvimba Masinde. Alitangaza mtaa mzima kwamba Kifaru anakwenda kuwa askari. Alitaka jambo moja tu: watu wamwite mfugaji wa mbwa wa jeshi. Majirani watatu wakafuatana naye kwenda kushuhudia.

Kwenye uwanja wa jeshi walimkuta Sajenti Amito, mwanamke mpole aliyefundisha mbwa kwa miaka mingi. Alianza na mbwa wa mama mmoja wa Bukoto. Aliangusha debe tupu kwenye saruji. Mbwa aliruka kwa mshtuko. Halafu akarudi polepole, akalinusa debe, akatikisa mkia. Masinde akacheka kimoyomoyo. Mbwa gani huyo, anachezea debe?

Zamu ya Kifaru ikafika. Debe lilipolia, alibana mkia akakojoa palepale. Amito alimrushia nyama, Kifaru hakuitazama. Alihema na kulambalamba midomo, ingawa hakukuwa na joto. Masinde, uso umemshuka kwa aibu, aliinua mkono ili avute mnyororo. Kifaru akajilaza chini, kisha akamng'ata mkono uleule.

Hakuna aliyecheka. Majirani walitazama chini, na hilo lilimuuma Masinde kuliko meno. Kila mtu alikuwa ameona mbwa anamwogopa nani.

Amito alimwosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, akamwagiza aende hospitali siku hiyohiyo. Kisha akaketi naye kwenye benchi.

"Hii mbwa hapana kali, ssebo," alisema, akimwita bwana kwa heshima. "Hii iko na woga."

"Lakini inauma watu."

"Inauma juu inaogopa. Kushtuka si mbaya, mbwa yote inashtuka. Sisi tunaangalia ikishashtuka inafanya nini. Ile ya mama imerudi kunusa. Ile inaweza kazi ya kelele na risasi. Hii yako itauma askari yake, ama itakimbia, na bomu itabaki hapo na watu."

Masinde alikiri habari za kasha na fimbo, akauliza kwa sauti ndogo kama Kifaru alizaliwa hivyo. Amito akasema wapo wanaozaliwa na woga, lakini giza na fimbo humharibu hata aliye jasiri. Mtoto wa mbwa azoeshwe watu na kelele tangu mdogo, kidogo kidogo. Acheze. Asipigwe.

Nyumbani alimweleza Nerima yote. "Nimekosa, mama watoto," alisema, bila kumtazama. Jioni ile alilivunja kasha. Kifaru hakuwa askari kamwe, na ilipita miezi mingi kabla hajakubali kula mbele ya Masinde.

Mwaka uliofuata Masinde na Nerima walilea watoto wawili wa mbwa. Waliwazoesha redio, sufuria zinazoanguka na watu wa sokoni. Mmoja alibaki mwoga. Wa pili Amito alimchukua jeshini.

Walinzi wakaja kuuliza alimlisha nini. Masinde angeweza kujisifu. Badala yake aliwasimulia habari za kasha, pilipili na fimbo, na mkojo uwanjani.

"Kifaru niliharibu mimi mwenyewe," alisema, na aibu ikamrudia mbele yao.

Mmoja wao, Okullo, hakumaliza chai yake. Aliaga mapema, akaenda kumfungulia mbwa wake.