Mgongo wa Mama Mkwe

"Kushoto, Okwakol! Kushoto!"

"Si nimekata kushoto?"

"Kushoto kwangu mimi!"

Land Rover iliteleza, ikalalia jiwe kwa tumbo, kwaaa! Akiror akafunika macho. Alikuwa amesimama mbele ya gari, uso kwa uso na mchumba wake, na kila mkono aliouinua ulimpotosha.

Ilikuwa Alhamisi, Agosti ya 1996. Jumamosi walikuwa wafunge ndoa kanisani Chakol. Lakini Mama Asio, mamake Akiror, alikuwa ametoa neno: "Mama yangu asipokaa kanisani, harusi hakuna." Na nyanya huyo alikuwa juu ya kilima, nyonga imevunjika, na kubebwa kwa machela kulimliza kama mtoto. Njia ya kwake ilikuwa mawe matupu, mengine makubwa kama ng'ombe aliyelala. Hakuna gari lililowahi kupanda.

Okwakol alishuka, akachungulia chini. Mafuta hayavuji. Akajifuta jasho kwa kofia.

"Tajiri wangu wa Malaba ameniazima gari mpaka jioni. Akiona lilivyobonyea, kazi sina."

"Basi turudi."

"Turudi nikukose? Wewe mwanamke, una masihara!"

"Mama alisema dereva hasikii mtu. Kumbe na mimi sijui kuelekeza." Machozi yakamtoka Akiror.

"Akiror!" Sauti ilitoka kichakani. "Mwambie huyo kijana apunguze upepo kwa tairi. Zimekaza kama ngoma."

Alikuwa Mama Asio. Alijificha tangu gari lilipofika, maana kwao Wateso mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Ni aibu kubwa.

"Mama, mambo ya tairi umeyajulia wapi?"

"Mguu mgumu unashika jiwe? Mimi hupanda hapa bila viatu. Mwambie!"

"Nimesikia, mama," Okwakol alikijibu kichaka, macho chini. Akaachilia upepo, fsss, tairi zikalegea.

Ndipo Mama Asio akatoka kinyumenyume, kichwa kimefunikwa, akapita kando na kusimama mbele ya gari, mgongo kwa dereva. Akafungua leso yake ya maua mekundu.

"Nikivuta kulia, aje kulia. Nikivuta kushoto, kushoto. Nikiiangusha, asimame. Mawe haya nimeyapanda na maji kichwani miaka thelathini."

"Na akikosea, utamwona vipi?"

"Nitamsikia."

Akiror akatazama. Loo! Kushoto kwa mamake kulikuwa kushoto kwa Okwakol. Mgongo ulimaliza ubishi wote.

Gari likanguruma kwa gia ndogo kabisa, polepole kama kinyonga. Leso ikaenda kulia, tairi likapanda juu ya jiwe. Leso ikaenda kushoto, tairi la nyuma likafuata. Akiror alitembea kando ya dirisha.

Wakafika penye jiwe bapa, laini kama meza. Leso ikaanguka.

"Aa! Hapa si ndipo pazuri?" Okwakol alinong'ona. "Nikisimama kwenye mteremko huu, nitarudi nyuma!"

"Okwakol, leso iko chini."

Okwakol akakanyaga breki. Gari likasimama.

Mama Asio alilisukuma lile jiwe kwa kisigino. Likayumba, likapinduka, likaporomoka kando, bondeni, gudu, gudu, gudu. Okwakol akafanya ishara ya msalaba. Leso ikainuka tena.

Juu, walimkuta nyanya ameketi kitandani na gauni lake la kanisa.

"Mmechelewa. Nimevaa tangu jogoo wa kwanza."

"Lakini nyanya, harusi ni kesho kutwa!"

"Na ningejuaje mtafika lini?"

Walimlaza juu ya godoro ndani ya gari, wakashuka wakiufuata mgongo uleule. Nyanya hakulia hata mara moja.

Chini, Mama Asio alikunja leso. Hakugeuka.

"Akiror."

"Mama."

"Huyo anasikia. Mwambie leo nimemwonyesha mgongo. Jumamosi ni zamu yake."

Okwakol aliinamisha kichwa, akicheka na kulia pamoja.

Jumamosi, Okwakol na Akiror walisimama mbele ya padre. Nyanya alikaa benchi la kwanza, mto chini ya nyonga. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, Mama Asio aliutazama mgongo wa mkwe wake mpaka akashiba.